Kamati ya Kupima Hatari

Jina la nchi yetu sitaliandika, kwa kuwa liko kwenye ukarabati. Lile la kwanza lilichoka, tume ikaundwa kutafuta jingine, na mpaka tume imalize kuzunguka mikoani tumeagizwa tuseme "Nchi" tu. Mgeni akiuliza nchi gani, tukohoe.

Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mto, ina Wizara ya Uzazi na Heshima. Wengine huko duniani walianza na wizara za maji na barabara. Viongozi wetu waliona tuanze na jambo la msingi, yaani matumbo ya wanawake, maji yatafuata. Bado yanafuata.

Kutoa mimba katika Nchi ni kosa la jinai, kifungo miaka kumi na minne, na kosa lenyewe halijawahi kutokea. Nasema kwa uhakika maana Waziri husema hivyo kila mwaka, na hajawahi kukanushwa na mtu aliye nje ya gereza. Wanawake wanaofikishwa hospitali ya wilaya wamefunikwa khanga zilizolowa damu, hao wameteleza. Huku kwetu watu wanateleza sana. Wanafunzi wa sekondari huteleza zaidi mitihani inapokaribia. Mahausigeli huteleza mama mwenye nyumba anapokaribia kujua. Mbunge mmoja, mgeni bungeni, aliwahi kuuliza utelezi huu unasababishwa na nini. Wizara ikafanya utafiti, ikajibu kwamba tatizo ni viatu, na viatu vya kisigino kirefu vikapigwa marufuku. Vifo havikupungua hata kidogo. Ila marehemu sasa wanafariki wakiwa wamevaa kiheshima.

*

Mimi nina tabia mbaya ya kukumbuka. Ni ugonjwa ambao Nchi haina dawa yake, ina kituo cha polisi tu. Kwa hiyo nivumilieni kidogo niwakumbushe sheria hii ilikotoka.

Haikuota hapa. Ililetwa na Gavana Pengele, mzungu mwembamba aliyeogopa popo, ndani ya sanduku la bati. Iliandikwa kwao, ikanakiliwa neno kwa neno, pamoja na kifungu kinachokataza kuiba bata maji wa Malkia, ndege ambao hatujawahi kuwaona. Kabla yake bibi zetu walikuwa na namna zao. Nyingine zilikuwa nzuri, nyingine ziliua, nisiwasifu kupita kiasi. Lakini mambo hayo yalizungumzwa jikoni, na hakuna mwanamume aliyeombwa kibali. Pengele aliwakusanya wakunga, akawafunga, kisha akaenda kulala kwa sababu ya joto.

Tukapata uhuru. Tukabadilisha bendera, tukabadilisha majina ya mitaa, tukabadilisha hata upande ambao Rais anachania nywele. Sanduku likabaki lilipo. Miaka ikapita, wanawake wa huko kwao Pengele wakaandamana, wakubwa wao wakabishana, hatimaye wakaifuta sheria yao wenyewe kwa mkono wao wenyewe. Habari ilipotufikia, Bunge letu lilichafuka.

"Wazungu wanataka kutuharibia mila!" alipiga kelele Spika, na jioni hiyohiyo sheria ya kwenye sanduku ikapitishwa rasmi kuwa mila ya mababu.

Kukabaki tatizo dogo. Babu yupi? Wanahistoria walifungiwa hotelini mpaka wakapata jibu, nalo lilikuwa safi kabisa: mila ni ya mababu, mila hii aliileta Pengele, basi Pengele ni babu. Sanamu yake, kichwa na kifua, ikatolewa kwenye stoo ya reli ilikokuwa ikiishi na panya, ikapakwa rangi ya kahawia, ikavikwa kilemba, na usinga ukalazwa mbele yake. Kila mwaka tunaadhimisha Siku ya Babu na kummwagia pombe. Pua ilibaki vilevile, ndefu kama komeo. Kitabu cha darasa la nne kinaeleza kwamba mababu wa kale walikuwa na pua ndefu kwa ajili ya kunusa maovu.

*

Mtaani kwetu kuna fundi cherehani anaitwa Redempta. Anashona sare za shule. Ana watoto watatu, ana mume anaitwa Damasi, na ana moyo mbovu. Alipojifungua wa tatu moyo ulisimama, ukafikiri kidogo, ukaamua kuendelea. Daktari akamwita Damasi pembeni, kwani habari za mwili wa mwanamke anaambiwa mwenyewe, yaani mume, akamwambia: mimba nyingine itamuua.

Damasi si mtu mbaya. Alimpeleka mkewe kliniki, mkewe akaanza vidonge vya kuzuia mimba, mambo yakaenda. Kisha ukafanyika uchaguzi.

Si uchaguzi wetu. Wetu matokeo yake hujulikana mapema na haumsumbui mtu. Huu ulifanyika katika Nchi ya Wafadhili, mbali huko, yenye vyama viwili. Chama kimoja kikishinda, kliniki zetu zinaruhusiwa kumshauri mwanamke juu ya mimba anayoibeba. Kikishinda cha pili, nesi akitamka tu maneno "kutoa mimba", hata kwa kukataza, vidonge vinaondolewa, gari la wagonjwa linaondolewa, na mapazia nayo yanabebwa. Nesi Zawena wa kliniki yetu amekwisha kuwapitisha marais wao wengi. Alitengeneza bango la pande mbili akalitundika kwa kamba: upande mmoja michoro ya uzazi, upande wa pili picha ya kabichi. Matokeo yakitangazwa redioni, huinuka kimya kimya akaligeuza. Mwaka huo liligeuka kabichi, na vidonge vikapanda ndege kurudi kwao.

Kwa hiyo Redempta alipata mimba kwa sababu ya kura zilizopigwa na wakulima wa mahindi katika jimbo ambalo hawezi kulionyesha kwenye ramani. Damasi naye alichangia.

Redempta alikwenda kliniki na dada yake mkubwa, Pelagia, msusi, mwanamke mwenye ulimi usiolala. Nesi Zawena akampima, akamsikiliza kifua.

"Nesi, nifanyeje?"

"Kula kabichi," alisema Zawena, huku machozi yanamlengalenga.

"Dada yangu hapandi hata ngazi za hapo nje," Pelagia akasema. "Wewe unamwambia habari za kabichi?"

"Mama, nikitamka lile neno, kesho wajawazito wa kata nzima wanakosa gari. Unataka nilitamke? Nitamkie wewe nione."

Pelagia alifungua mdomo, akatazama gari pale nje, limeegeshwa kivulini, akaufunga.

"Nendeni kwenye Kamati," Zawena akanong'ona, akiliambia bango. "Kamati haifadhiliwi na mtu. Ile ni ujinga wetu wenyewe."

*

Kwa maana sheria ya Babu ina tundu. Inasema mimba yaweza kutolewa endapo uhai wa mama uko hatarini. Wakubwa walipoliona tundu hilo waliogopa wanawake wasije wakapita, wakaweka mlangoni Kamati ya Taifa ya Kupima Hatari. Wajumbe wake walichaguliwa kwa umakini, wote wanaume, ili wasipendelee. Yumo kanali, yumo padri, yumo shehe, yumo mwakilishi wa vijana ambaye ana wajukuu. Daktari naye yumo, Daktari Mapembe, wa mifugo. Waziri wa Uzazi na Heshima, Mheshimiwa Profesa Kishindo, ni makamu mwenyekiti. Mwenyekiti wa maisha ni Babu Pengele mwenyewe, anayewekwa kwenye kiti cha mbele, na kila kikao hufunguliwa kwa kumuuliza, "Babu, tuanze?" Wanasubiri kidogo. Asipopinga, wanaanza.

Tangu Kamati iundwe haijawahi kumkubalia mtu. Hilo linaonyesha, kwa mujibu wa ripoti yake, jinsi Nchi ilivyo salama.

Redempta alisimamishwa mbele yao. Kiti hakikuwepo, maana anayeketi anaonekana ametulia.

"Unadai uko hatarini," alianza Waziri. "Umefikaje hapa?"

"Kwa miguu, mheshimiwa."

"Kwa miguu." Aliwatazama wenzake. "Waheshimiwa wajumbe mmesikia. Aliye hatarini anatembea."

"Nilipumzika kila nilipoona jiwe."

"Na anapumzika pia! Sisi hapa tumekaa tangu asubuhi, hatujapumzika."

Pelagia, aliyemsindikiza, hakuruhusiwa kusema, akasema. "Kwa hiyo angeletwa amekufa mngeridhika?"

"Angeletwa amekufa," kanali alijibu kwa upole, "tungekuwa na ushahidi. Tatizo la walio hai, mama, ni kwamba hawana ushahidi wowote."

Daktari Mapembe aliombwa apime. Aliweka kipimo chake kifuani kwa Redempta, akasikiliza, akasikiliza tena, uso ukambadilika.

"Ng'ombe akipumua hivi," alisema, "mimi humwambia mwenyewe amchinje mapema."

"Daktari, tusaidie kisheria. Hiyo ni hatari au si hatari?"

"Kwa ng'ombe ni hatari."

"Andika," Waziri akamwambia katibu, "kwa ng'ombe."

Padri aliuliza kama mama huyu amesali. Amesali. Shehe aliuliza kama mume amekubali. Amekubali. Mwakilishi wa vijana aliuliza kama chai itachelewa. Ilikuwa kama wanaelekea kupiga kura, nadhani Mapembe alikuwa amewatia hofu, na Redempta alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo imegeuka rangi. Ndipo katibu aligundua jambo la kutisha. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Walikuwa wameanza bila kumuuliza Babu.

"Babu yuko wapi?" Waziri alinguruma.

"Yuko kwa mchoraji, mheshimiwa. Anapakwa upya kwa ajili ya Siku ya Babu."

"Kwa hiyo kila tulichosema tangu asubuhi..."

"Ni maongezi tu, mheshimiwa. Akidi haijatimia."

Wajumbe walipumua kwa furaha. Kikao kikaahirishwa hadi Babu atakapokauka.

"Atakauka lini?" Pelagia aliuliza.

"Ni rangi ya mafuta, mama," katibu alimjibu. "Na mvua ndiyo hizi. Kamati itaketi hadharani, Siku ya Babu, uwanja wa taifa, taifa zima lishuhudie haki. Mdogo wako jina lake nimeliweka kwenye ratiba baada ya ngoma za watoto." Halafu akainama, kwa sauti ya kirafiki: "Ila mwambie asife kabla. Itachukuliwa kama dharau kwa Kamati."

*

Siku ya Babu ilikuwa mbali, na Redempta hakuwa akilala tena kitandani. Alilala amekaa, ameegemea cherehani, kwa sababu akijinyoosha pumzi inakata. Pelagia akachukua vitana vyake akaenda kazini. Kazi yake ilikuwa kwa Mama Kishindo, mke wa Waziri, ambaye kichwa chake alikisuka kwa miaka mingi, na msusi aliyekishika kichwa cha mtu muda mrefu hivyo anajua na kilichomo.

Alisuka huku analia. Chozi likamdondokea Mama Kishindo shingoni.

"Una nini leo, Pelagia?"

"Mdogo wangu, mama. Ana mimba, na moyo wake..."

"Anaumwa jino," alisema Mama Kishindo.

"Hapana mama, moyo. Jino hana shida nalo."

"Pelagia." Mama Kishindo aligeuka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. "Nakwambia mdogo wako anaumwa jino. Binti yangu wa kwanza aliumwa jino akiwa kidato cha tatu. Yule rafiki wa baba yao, yule wa benki, aliumwa jino mara mbili, nikampeleka mwenyewe. Na mimi pia." Akageuka tena mbele. "Endelea kusuka. Kesho asubuhi mlete kwenye geti la nyuma."

Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa nchi nyingine hataelewa. Nchi haina mashine ya mionzi ya saratani, lakini ina Hospitali ya Meno ya Viongozi, kubwa kuliko zote ukanda huu. Ina wodi zenye vitanda ambavyo mgonjwa wa jino hulala chali, miguu juu. Ina madaktari bingwa waliosomea matumbo. Na ina kanuni moja ya heshima sana: serikali haisemi uongo. Kama kitabu cha mapokezi kimeandikwa mgonjwa kaja kung'oa jino, basi jino litang'olewa. Hakuna mwanamke aliyewahi kutoka hospitali ile na meno yake yote. Wake za wakubwa na mabinti zao huwekewa la dhahabu palepale. Ndiyo maana familia bora katika Nchi yetu hung'aa zinapocheka.

Redempta aliingizwa geti la nyuma asubuhi. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, mikono haitetemeki. Shughuli yenyewe ilikuwa fupi, fupi kuliko hotuba ya kufungua Kamati. Baadaye akamjia na koleo.

"Dada, tuchague. Ni lipi?"

"Lolote linalouma," Redempta alijibu, bado ana kizunguzungu.

"Yako yote ni mazima."

"Basi la karibu, daktari. Usisumbuke."

Likang'olewa la mbele, juu. Dhahabu hakuwekewa, hakuwa mke wa mtu mkubwa. Jioni alipanda ngazi za nyumba yake bila kusimama, akafika juu, akageuka, akamtazama Damasi aliyekuwa nyuma yake anahema kwa woga, akacheka. Pumzi ilikuwa inapita pale penye pengo, na ilikuwa inapita vizuri.

*

Pelagia aliapa hatasema. Alikaa bila kusema mpaka kichwa cha kwanza kilipokaa mbele yake.

Kufikia mwisho wa mvua, geti la nyuma la Hospitali ya Meno lilikuwa na mstari unaozunguka mtaa. Wauza samaki, walimu, binti wa mwenye duka, mtawa mmoja aliyeleta mpwa wake. Wote wameshika mashavu. Mama Kishindo alimpigia simu daktari mpole, daktari mpole hakuuliza maswali, na kwa muda Nchi ikawa na mapengo mengi kuliko nchi yoyote duniani, na utelezi, ule utelezi wetu maarufu, ukakoma. Hospitali ya wilaya ilikaa hivi hivi, wauguzi wanasuka mikeka. Wizara ya Ujenzi ilijipongeza kwa barabara.

Waziri Kishindo ndiye aliyeanza kushtuka. Alitangaza janga la meno. Akapiga marufuku miwa, akapiga marufuku pipi, akamwagiza mwakilishi wa vijana atoe mfano kwa kupiga mswaki kwenye televisheni. Mstari haukupungua. Kisha mtu wa usalama, aliyekuwa amejifanya anaumwa gego, alikaa mstarini siku nzima akagundua kwamba ni yeye peke yake mwanamume. Aliandika hayo. Geti likafungwa kwa mnyororo, daktari mpole akahamishiwa kituo cha kuchanja mbwa.

Na Babu akakauka.

Barua ya Kamati ilimkuta Redempta kwenye cherehani. Afike uwanja wa taifa Siku ya Babu, yeye pamoja na hatari yake, ipimwe mbele ya umma. Alisoma, akaiweka juu ya sare za watoto wa watu.

"Nikienda bila mimba ni miaka kumi na minne," alisema.

"Na usipokwenda?" Damasi aliuliza.

"Kumi na minne, na kumdharau Babu."

Mtoto wa mwisho alikuwa chini ya meza anachezea vipande vya kitambaa. Redempta alimhesabia kwa vidole, miaka kumi na minne, akatazama atakapokuwa amefika, akakunja vidole.

"Nisukie nywele, dada," alimwambia Pelagia. "Kama wananifunga, wanifunge nimesukwa."

*

Uwanja ulijaa. Upande wa jua walikaa wananchi, wengi wanawake, wameletwa kwa malori kushangilia. Upande wa kivuli walikaa waheshimiwa na wake zao. Katikati ya uwanja, pale mpira unapoanzia, waliweka meza ya Kamati, na kichwani pa meza Babu Pengele, anang'aa kahawia, kilemba kipya. Ngoma za watoto zikapita. Redempta akaitwa.

Kwanza Waziri alihutubia.

"Ndugu wananchi! Mataifa yanatuonea wivu. Wenzetu wanaua watoto wao, sisi tunawapenda watoto wetu kabla hawajazaliwa." Makofi kivulini. "Wakishazaliwa, hilo ni suala la wizara nyingine. Leo mtaona kwa macho yenu jinsi Kamati hii inavyomsikiliza mwanamke. Babu, tuanze?"

Babu hakupinga.

"Haya mama. Hatari yako iko wapi?"

"Imekwisha, mheshimiwa."

"Imekwisha?" Macho ya Waziri yalishuka tumboni kwake, yakapanda. Sauti ikawa tamu. "Imekwishaje, mama? Waeleze wananchi. Umeteleza?"

Alikuwa anampa njia, mjue. Angesema ameteleza, angepata miaka michache ya uzembe, labda na msamaha wa Siku ya Babu. Kanali alikuwa anamtikisia kichwa: sema umeteleza. Redempta alitazama upande wa jua.

"Sikuteleza. Mtu aliye na akili zake hatelezi hivyo. Nilikwenda kung'oa jino."

Akafungua mdomo, akaonyesha.

Sijui aliyeanza kucheka. Kicheko kilitokea juu kabisa, kwa wauza samaki, kikashuka ngazi kwa ngazi, mpaka upande mzima wa jua ukawa mdomo mmoja wenye mapengo. Upande wa kivuli, wake za waheshimiwa walifumba midomo kama waliogongewa misumari. Waziri aligeuka kumtazama mkewe. Mama Kishindo alikuwa anatazama vidole vyake.

"Mkamateni!" Waziri alipiga kelele. "Mkamateni sasa hivi!"

Askari wakatoka mbio na pingu. Hapo ndipo Pelagia, msusi, aliyekuwa amesimama kwenye uzio, alipoanza kuimba Wimbo wa Taifa.

Katika Nchi zipo sheria nyingi, na nyingi hulala. Hii ya Wimbo hailali. Ilitungwa mwaka ule jenerali mmoja alipojikuna wimbo ukiimbwa. Nakumbuka sana, alikuwa anakuna paja. Tangu hapo Wimbo ukiimbwa, popote pale na mtu yeyote, kila mwenye cheo, hata askari, husimama wima mpaka umalizike, asitikise hata kope, ila midomo ya kuimbia. Anayetikisika anavuliwa cheo palepale na kifungo juu.

Askari walikauka katikati ya hatua, mmoja mguu juu. Kanali alisimama, padri alisimama, Waziri alisimama, mkono kifuani, jicho moja limetoka. Upande wa jua ukaupokea wimbo. Redempta alisimama akawatazama, hajui afanye nini na mikono yake.

"Nenda nyumbani!" Pelagia alimwambia kati ya mstari na mstari. "Unangoja nauli?"

Akaanza kutembea. Akampita askari wa mguu mmoja, akampita Mapembe, ambaye alikuwa wima kabisa, lakini midomo yake ilikuwa inaimba na inaimba kwa nguvu. Uwanja wa taifa ni mrefu, jamani. Wimbo wetu ni mfupi, una ubeti mmoja, wa pili uko kwenye tume. Alikuwa hajafika hata kwenye goli wimbo ulipokaribia mwisho, na wanawake wa upande wa jua, waliokuwa wameshangilia tangu asubuhi bila maji, sauti ziliwaisha. Neno la mwisho likatua.  Niliuona mguu wa yule askari unaanza kushuka.

Sauti moja ikauinua tena wimbo, kutoka neno la kwanza. Ilitoka kivulini. Mama Kishindo alikuwa amesimama, mdomo wazi wote, jua limepata njia chini ya paa na kugonga dhahabu yake, na alikuwa anaimba kama mtu aliyefungiwa stoo miaka. Aliyekuwa pembeni yake akafungua wake. Na wa pembeni yake. Mguu wa askari ukarudi juu. Waziri hakuruhusiwa kugeuza shingo, lakini sauti ya mkewe aliijua.

Redempta alitoka getini, akaenda kwake, akawapikia watoto.

*

Sasa, wenzangu, mimi si mtu wa kupamba mambo. Sheria haijabadilika hata nukta. Sanduku lipo. Geti la Hospitali ya Meno lina mnyororo, na bango la Nesi Zawena bado kabichi. Kilichopo ni kwamba wimbo haujaisha. Wanaimba kwa zamu: wauza samaki wakienda mnadani wanapokea walimu, walimu wakienda darasani wanapokea wake wa wakubwa, ambao hawana kazi nyingine na wamezoea. Wanyonyeshao huimba wameketi. Kamati nzima imesimama wima pale katikati na askari wake, inanyeshewa, na kwa kuwa imesimama haiwezi kumkamata mtu. Redempta anashona. Mtoto wa mwisho ameanza shule.

Ila nilipita pale leo, nikasikiliza. Sauti zimekauka. Mama Kishindo anatoa pumzi tu. Kwenye zamu ya mchana walibaki wachache sana, na kati ya mwisho wa ubeti na kuanza kwake upya ule upenyo unaongezeka, na yule askari, nimemwona kwa macho yangu, amejifunza kuusogeza mguu ndani ya upenyo huo.

Wewe unayesoma hapa, maneno unayajua. Ulifundishwa darasa la kwanza. Inuka, njoo upokee zamu.